Mume Wangu Aliposafiri kwa Visa Yangu

Ijumaa ile simu ya shemeji kutoka Maskati ilitukuta kwenye mkeka, tumezunguka sinia la pilau nyumbani kwa mama mkwe, ghorofa ya nne, mtaa mmoja tu kutoka soko la Kariakoo. Mume wangu aliiweka simu kwenye spika ili mama naye asikie. Shemeji hakuzunguka. Alisema gereji anakofanya kazi wanahitaji fundi wa giaboksi, yeye amemtaja mdogo wake, na mwenye gereji amekubali kumwombea visa ya kazi.

"Na mkeo unamchukua," alisema. "Ukishatulia, unamwombea visa ya kumfuata mume. Huku watu wetu wamejaa, Kiswahili unakisikia mpaka sokoni. Mtajiona mko Kariakoo."

Mama mkwe aliinua mikono akamshukuru Mungu. Mume wangu alicheka, akanigeukia nicheke naye. Nilikuwa na tonge mkononi, nikalila polepole ili nisilazimike kusema kitu. Kwenye simu yangu, ndani ya mkoba niliouacha chumbani, kulikuwa na barua pepe iliyoingia asubuhi ile kutoka kiwanda kimoja cha kutia rangi vitambaa huko Ujerumani. Walikuwa wamenipa kazi.

Sikuisema pale. Nilimwangalia mama mkwe, mjane ambaye hata eda yake haikuwa imemalizika siku nyingi, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nikashindwa. Nikaosha mikono, nikakusanya vyombo, nikasikiliza mipango ya Maskati kutoka jikoni.

Ujerumani sikuwa mgeni. Nilikuwa nimetoka huko na shahada ya uzamili ya kemia ya rangi za nguo. Mwanafunzi akimaliza masomo kule anaruhusiwa kuomba kibali cha kubaki atafute kazi, na wenzangu wote wa darasani walikiomba. Mimi wiki niliyokabidhi tasnifu yangu ndiyo wiki aliyofariki baba mkwe. Mume wangu alinipigia simu akalia, na mimi sikuwahi kumsikia akilia. Nilipanga nguo zangu nikarudi. Wenzangu waliniambia nimefunga mlango mwenyewe. Sikujuta kurudi, lakini nilipofika nyumbani nilianza kuutafuta mlango mwingine, maana sikusoma vile ili shahada ikae kwenye fremu.

Mchana nilikuwa namsaidia baba yangu dukani kwake. Baba anauza vitambaa vya majora, jumla na rejareja. Watu wa mtaa wanamwita Mwarabu, naye anaitika, ingawa yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa hapa Dar es Salaam na lugha anayoiotea ndoto ni Kiswahili. Kwake ndiko nilikoanza kupenda rangi. Mteja akija kutafuta kitambaa cha kuunga na alichonacho, baba hamwachii aamue ndani chini ya taa. Anamtoa mpaka barazani, kwenye jua, katikati ya mikokoteni na wamachinga. Vitambaa viwili vilivyofanana dukani kama mapacha, nje kimoja kinageuka chekundu na kingine kinaelekea udongo. Nikiwa mtoto niliuliza kwa nini, baba akasema ndivyo rangi zilivyo. Jibu hilo halikunitosha, nikaenda kulitafuta shuleni, kisha chuoni, kisha Ulaya.

Usaili wa kazi ile niliufanya kwenye stoo ya baba, juu ya duka. Nyumbani mtandao ulikuwa unakatika, na mtaani kelele za spika za wauza viatu zisingeniruhusu kusikia hata jina langu. Stoo ilikuwa na majora yamepangwa mpaka darini, na pamba ile yote ilimeza kelele. Palikuwa kimya kama msikiti kabla ya adhana. Wasaili walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Mwanamke aliniuliza swali lile lile la utotoni mwangu: kwa nini rangi mbili hufanana mahali pamoja na kuachana mahali pengine. Nilinyanyuka nikachomoa vitambaa viwili vya hudhurungi, nikaviweka mbele ya kamera chini ya balbu, kisha nikavisogeza dirishani. Nikawaeleza kemia yake nikiwa nimesimama, jasho linanitiririka, mtandio umeniteleza. Yule mwanamke alisogea mpaka uso wake ukajaa kwenye skrini. Nikajua nimempata.

Sasa jibu lao lilikuwa limekuja, na Maskati nayo imekuja.

Mume wangu ni fundi mtaa wa Gerezani, kwenye gereji zilizobanana karibu na eneo la reli, kule ambako ukitafuta kipuri cha gari lolote utakipata au utaelekezwa aliyenacho. Alikuwa na giaboksi ya kumaliza jioni ile, nikamwambia nitamsindikiza. Tulipovuka barabara ya mwendokasi na kelele za soko kubaki nyuma kidogo, nikamwambia.

"Wamenichukua kule kiwandani."

Alisimama. "Lini wamekwambia?"

"Leo asubuhi."

"Na umekaa kimya mchana kutwa."

"Ningesemaje mbele ya mama? Alikuwa ameshaanza kupanga."

Basi la mwendokasi likapita, akasubiri lipite. "Na mimi?" akauliza. "Kwenye hiyo Ujerumani yako, mimi niko wapi?"

Nilikuwa nimeshasoma, kwa hiyo nilimweleza kama nilivyoelewa. Wanaopata kazi ya kiwango cha shahada yao wana kibali chao maalumu, kinaitwa kadi ya bluu. Mwenye kadi ile anaruhusiwa kwenda na mwenzi wake, na huyo mwenzi anaruhusiwa kufanya kazi yoyote tangu siku anayofika. Hahitaji mtu wa kumwombea.

"Kwa hiyo mimi naingia kama mwenzi."

"Kama mwenzi anayeambatana."

"Chini ya jina lako."

"Ndiyo."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Mke wangu, hongera," akasema, na nilisikia kwamba anamaanisha. "Lakini niache nimalize ile giaboksi. Kichwa changu hakiwezi vitu viwili."

Siku zilizofuata tulikuwa tunalala na kuamka na visa. Nilimwandikia shemeji nikamuuliza, je, kwa ile visa ya kumfuata mume ningeweza kufanya kazi Maskati? Alinijibu kwa uungwana kwamba kwa ile siwezi, labda nikifika nipate mwajiri wangu mwenyewe anibadilishie, na kwamba yeye hajui viwanda vya rangi kule. Aliongeza kwamba mume wangu atapata nyumba ya kampuni, na mimi nisiwe na wasiwasi wa kufanya kazi. Aliandika vile kwa wema, akidhani ananitua mzigo.

Nisidanganye kwamba Maskati haikunivuta. Ndugu za baba wako kule mpaka leo. Kuna adhana, kuna halua, kuna jua. Mume wangu angekuwa na nduguye, na mama mkwe angekuwa na watoto wake wawili wa kiume mahali pamoja. Usiku wa kwanza nilijilazimisha kufikiri mimi nikiwa mke wa fundi Maskati, nikapika, nikafagia, nikamngoja. Sikuona vibaya. Ila kila nilipofika kwenye picha ya mimi nikiwa nimemaliza kufagia na bado ni asubuhi, nilikwama.

Mama mkwe aliambiwa habari ya Ujerumani Jumapili. Mume wangu ndiye aliyesema, akiwa amekaa chini karibu na miguu ya mama yake, na mimi nikiwa kwenye kiti cha mlangoni kama mtu aliyeitwa kwenye kesi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi, si mwanawe.

"Yaani mwanangu anaolewa anapelekwa Ulaya?"

"Hapana, mama. Tukienda, tunaenda wote."

"Kwa karatasi zako."

"Kwa karatasi zangu, ndiyo."

"Asubuhi wewe unatoka kwenda kazini kwako, yeye anabaki anafanya nini? Anafua?"

"Nguo ninafua hata sasa, mama," mume wangu akasema. "Mwanamke wa pekee kwenye nyumba yangu alikuwa miaka miwili Ujerumani. Ulidhani nani alikuwa ananifulia?"

Mama hakucheka. Alisema baba yao angekuwa hai jambo hili lisingefika mezani. Alisema kaka wa mume wangu ameshatoa neno lake kwa watu, na neno la mtu haliwi kama nguo ya kubadilisha. Halafu akasema kitu kilichoniuma kuliko vyote, kwa sauti ya chini, bila hasira: kwamba yeye hakunizuia kwenda kusoma, alinitetea mbele ya dada zake, na sasa ndiyo haya. Nilitaka kumshika mkono. Aliuvuta ushungi wake akaenda kuswali.

Kiwanda kiliniandikia tena kuuliza kama nakubali. Niliwajibu nawashukuru na naomba siku chache. Baba yangu, nilipomuomba ushauri, alikataa katakata. "Una mume," alisema akipima kitambaa kwa rula ya mita. "Mkimaliza kushauriana mniambie mnaenda wapi, nijue niwafungie nguo za baridi au za joto." Lakini nilimwona akinitazama pembeni, na kwa jinsi alivyokikata kile kitambaa kikapinda, nilijua moyo wake uko Ujerumani.

Jumatano nilimpelekea mume wangu chakula gereji. Sikuwa na kawaida hiyo; nilikuwa natafuta sababu ya kumwona. Uwanja wa gereji ulikuwa umejaa magari yaliyoinuliwa, na mafundi wenzake walikuwa wamekaa kwenye viti vya basi vilivyong'olewa, wanakula mihogo. Yeye alikuwa amenipa mgongo, ameinamia giaboksi iliyofunguliwa juu ya meza ya chuma. Hawakuniona. Nilisimama nyuma ya Hiace mbovu kutengeneza mtandio wangu, na ndipo niliposikia wanamtania.

"Oya fundi, eti unaenda Ulaya kama mama wa nyumbani?"

"Atarudi amesuka huyo," mwingine akadakia, wakacheka wote.

Mume wangu hakuinua kichwa. "Nitasuka kama wewe utanisuka," alisema, wakacheka zaidi. Akachukua gurudumu la meno, akaligeuza kwenye mwanga, akaliweka. Halafu akasema kwa sauti yake ya kawaida, kama anayeomba apewe spana:

"Mke wangu alikaa kule nikamngoja. Mlikuwa mnanitania hivi hivi, mnakumbuka? Mlisema hatarudi. Sasa amerudi na kazi mkononi, halafu mimi nimwambie kaa ndani? Kwa hiyo nilikuwa nangoja nini muda wote ule?"

Mzee mmoja wa vipuri aliyekuwa amekaa pembeni akasema, "Basi mwacheni, mtu ameshaamua."

"Nimeamua," mume wangu akasema.

Nikatoka nyuma ya Hiace. Mafundi wakaruka kunisalimia, "Shemeji, karibu, shemeji," wakinitafutia kiti, kila mtu akijidai hajasema neno. Mume wangu aligeuka, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, akaona uso wangu, akaelewa kwamba nimesikia.

"Umeleta nini?" akauliza.

"Wali na samaki."

"Nilishe basi, mikono hii haishiki kitu."

Nikamlisha pale pale, mbele ya mafundi wote wa Gerezani, na hakuna aliyethubutu kutania.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia shemeji, na mume wangu alitaka mama awepo, asije akasikia pembeni. Jioni ile ile tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Alipiga simu akaweka spika kama siku ya kwanza. Alimshukuru kaka yake kwa maneno mengi na ya kweli. Akamwambia hatakwenda.

Shemeji akasema, "Nimekwishaongea na mwenye gereji. Nimwambie nini? Kwamba mdogo wangu anamfuata mkewe?"

"Mwambie hivyo hivyo, kaka."

"Mama anasemaje?"

Mama alikuwa amekaa kitandani, anazungusha tasbihi. Kabla mume wangu hajajibu, tukasikia simu ikibadilisha mkono upande wa pili, na sauti ya mwanamke ikaingia. Ilikuwa ya mke wa shemeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Nisamehe naingilia maneno ya wanaume. Wewe unajua mimi nilisomea unesi."

"Najua. Nilikuja kwenye sherehe yako."

"Mimi huku nimekaa vizuri, mama. Mwanao hajanikosea kitu, na hapa yuko pembeni yangu ananisikia. Nilikuja kwa visa ya mume nikasema nitatafuta kazi mbele ya safari. Watoto wakaja, leseni ya unesi ikapita muda wake, na sasa nikipeleka mtoto hospitali naona manesi wanatafuta mshipa, mkono wangu unataka kwenda wenyewe. Sikulalamika kwa mtu. Leo nimesikia yule dada ana kazi aliyoisomea, nikaona nisiponena nitakuwa nimemdhulumu. Mwacheni aende akafanye kazi yake."

Kisha shemeji akasikika, kwa mbali, sauti imebadilika kabisa. "Hujawahi kuniambia hivyo."

"Hukuwahi kuniuliza," mkewe akasema, na kwa jinsi alivyosema ungedhani anamwambia chai imepoa. "Mama, usiku mwema. Dada, hongera sana."

Simu ikakatika. Mama mkwe aliendelea kuzungusha tasbihi. Niliogopa kumtazama. Mwisho akaiweka mapajani, akavuta pumzi, akaniuliza:

"Huko Ujerumani kuna nyama ya halali?"

"Ipo, mama. Kuna mabucha ya Waturuki kila mji."

"Na yeye ataswali wapi Ijumaa?"

"Kuna msikiti. Niliwahi kuswali hapo hapo karibu na kiwanda, siku nilipokwenda mji ule kwa mafunzo ya chuo."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi sijafurahi," akasema. "Nisiseme uongo nikiwa na udhu. Nilitaka muwe karibu. Lakini nendeni. Na wewe," akamwambia mwanawe, "usimtie mwenzio aibu huko kwa uvivu."

Nilimshika mkono, na safari hii aliuacha.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Niliwajibu kiwandani. Mkataba ukaja. Cheti chetu cha ndoa tulichopewa na shehe ilibidi tukiandikishe serikalini na kukitafsiri, na wifi yangu, dada wa mume wangu anayekaa Magomeni, ndiye aliyekuwa anakwenda kwa mtafsiri kwa niaba yetu huku mimi nikimalizia vingine. Baba yangu, yule yule aliyekataa kutoa ushauri, alianza kuwatangazia wateja kabla hata hatujapeleka maombi. Mtu akija kununua pazia alitoka na pazia na habari ya visa. Nilimsihi anyamaze, nikamwambia tunaweza kunyimwa. Alinijibu, "Wakikunyima wewe, wampe nani?"

Siku ya ubalozi tulivaa kama tunaokwenda kwenye harusi ya mtu tusiyemjua vizuri. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukaitwa dirishani pamoja. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, Mtanzania, mwenye sauti ya mwalimu.

"Mwombaji mkuu ni nani?"

Mume wangu akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo. "Huyu hapa."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwenzi anayeambatana," akasema. Alikuwa amejizoeza maneno yale njia nzima, na yalimtoka kama cheo.

Afisa alimtazama juu ya miwani. "Mkeo akienda kazini, wewe utafanya nini?"

"Asubuhi nitasoma lugha. Mchana nitapika. Lugha ikikaa sawa nitatafuta gereji, maana magari ya Wajerumani nimeyafungua hapa Gerezani tangu nikiwa kijana, nataka nikayaone kwao."

Yule mama alishindwa kujizuia, akatabasamu huku akiandika. Mimi aliniuliza maswali ya kazi, mshahara, mahali pa kukaa. Nilijibu bila kutetemeka. Wakati wa safari ya masomo, mbele ya dirisha kama lile, nilikuwa nimejibu kama mtu anayeomba kuhurumiwa. Safari hii nilikuwa na shahada yao, mkataba wao na mume wangu pembeni, na nilijisikia kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake.

Tukangoja. Kungoja kule kulimtesa mama mkwe kuliko sisi. Yeye ambaye hakufurahi alianza kunipigia asubuhi na jioni. "Hawajasema?" Nikisema bado, alikuwa anaguna kana kwamba ubalozi mzima unamchelewesha yeye. Siku moja nilimkuta dukani kwa baba, wamekaa barazani na kahawa, baba anamweleza kadi ya bluu ni nini, na mama anamwambia jirani wa duka la pili kwamba si kila mtu anapewa.

Pasipoti zilirudi Alhamisi. Tulizipokea pamoja, tukatoka nje mpaka chini ya kivuli cha ukuta ndipo tukazifungua. Yangu kwanza. Ilikuwepo, na picha yangu, na mtandio wangu wa bluu. Yake nayo ilikuwepo. Mume wangu aliisoma taratibu, herufi moja moja, kisha akanikumbatia pale barabarani, yeye ambaye hata kunishika mkono hadharani hupenda kungoja giza. Dereva wa bodaboda akapiga honi kutushangilia bila kujua ni kwa nini.

Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja dukani. Baba alikuwa na mteja. Alituona tunavyokuja, akaweka mkasi chini. Sikuweza kusema, nikainua pasipoti mbili juu. Baba akatoka barazani akamwambia mwenye duka la vyombo, naye akamwambia muuza mabegi, na habari ikashuka mtaa mzima kwa midomo ya wamachinga mpaka ikafika kwa mama mkwe kabla yetu. Tulipogeuka kona tukasikia vigelegele kutoka juu. Alikuwa dirishani, ghorofa ya nne, ameinamia nje, wifi yangu akimshika kiuno asianguke.

Wiki ya mwisho yeye ndiye aliyekwenda kwa baba kuchagua kitambaa cha sare ya kutuaga. Alichagua kijani cha majani mabichi na hakutaka ushauri wa mtu. Siku ya kisomo, wanawake wa ukoo walikaa wamejaa mpaka kwenye ngazi, wote wa kijani, na kila shangazi aliyeingia mama mkwe alimshika mkono akamleta kwangu. "Huyu ndiye mwenye visa," alikuwa anasema. Shangazi mmoja aliuliza, je, si ingefaa mwanamume ndiye amchukue mke? Mama mkwe akamwekea sahani ya biriani mapajani. "Kula," akamwambia. Uwanja wa ndege alilia, na mimi nililia. Wifi na watoto wake walikwishahamia kwa mama mkwe, na hilo lilitupunguzia uchungu, si lote.

Tumeshakaa huku misimu kadhaa ya baridi. Naongoza maabara ndogo ya kulinganisha rangi, na yule mwanamke aliyenisaili ndiye jirani yangu wa meza. Mke wa shemeji amerudi darasani Maskati kufufua leseni yake. Mumewe mwenyewe ndiye anayempeleka kwa gari, na dada ananitumia picha zake akiwa amevaa sare nyeupe ya unesi. Mume wangu alisoma lugha kwa hasira, kama anavyofungua injini iliyokataa. Alibandika majina kwenye kila kitu jikoni, akagombana na runinga, akaongea na vikongwe kwenye vituo vya mabasi mpaka wakamjua.

Gereji ya kwanza aliyobisha hodi walimkataa. Ya pili walimpa jaribio: gari lililokuwa limewasumbua, gia ya tatu inaruka. Aliomba taa na saa chache. Alipolirudisha, msimamizi aliliendesha kuzunguka mtaa, akarudi, akamuuliza ataanza lini. Mume wangu hakuelewa. Akarudiwa polepole: anaweza kuanza lini?

Jioni yake nilimkuta kwenye kituo cha basi amevaa ovaroli mpya, ameishikilia kola isikunjike. Alinieleza yote tukitembea kwenda nyumbani. Akasema wenzake wa gereji walimuuliza amefikaje nchi hii, kwa sababu walidhani amevuka bahari kwa boti kama wanavyosikia kwenye taarifa za habari.

"Ukawaambiaje?"

"Kwa Kijerumani changu chote," akasema, akinipokea begi la maabara, "nikawaambia nimeletwa na mke wangu."